Peremende ya Kupokezana

Kornelia hakuwa mtu wa kijicho. Jirani akipata ng'ombe, alimpongeza. Mwingine akiezeka nyumba kwa mabati, alikwenda kumsaidia kuwapikia mafundi. Pale Dongobesh, enzi zile Mwingereza akiwa bado bwana wa nchi, nyumba ya mabati ilikuwa habari ya kuzungumzwa wiki nzima, na Kornelia aliizungumza pamoja na wenzake bila kinyongo. Lakini kulikuwa na jambo moja asiloweza kulitazama bila moyo kumwaka. Perpetua, mwanawe wa pekee, akitoka shule alipita mbele ya nyumba yao kama mpita njia, akaenda moja kwa moja dukani kwa Selemani.

Huko alikuwepo Hajira, binti wa Selemani. Wasichana wa darasa la kwanza walikuwa wachache, na hawa wawili walikalia benchi moja na kuandikia kibao kimoja. Huko alikuwepo pia Mwantumu, mama yake Hajira, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa Kondoa, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimkemea mtoto. Perpetua alirudi kwao jua likizama, ananukia iliki, mdomo umejaa habari.

"Kwa kina Hajira hawanywi chai kavu."

"Haya."

"Kwa kina Hajira wanalalia godoro la sufi. Mama Hajira amenisuka. Ona, mama, nywele zinang'aa."

"Nimeona," alisema Kornelia, na kwa kweli alikuwa ameona. Mistari ilikuwa imenyooka kuliko aliyoisuka yeye. Usiku ule ule aliifumua yote, akisema imebana mno na mtoto ataumwa kichwa.

Mumewe Tadei, fundi seremala, aliliona jambo hilo kuwa la kuchekesha. "Mtoto akipendwa kwa watu ni heri," alisema. "Ungetaka achukiwe?" Kornelia alichochea moto. Kabla ya Perpetua alikuwa amezika watoto wengine, na huyu mmoja aliyebaki alimlea kama mtu anayebeba kaa la moto kwa mikono, akilipulizia lisizime. Meno yake yalipokuwa hayajakomaa alimtafunia nyama, akamlambisha asali kutoka kinywani mwake mwenyewe. Leo mtu mwingine, kwa kikombe cha chai, anamchukua!

Siku moja Perpetua alirudi mapema, akakataa ugali, akakataa na maziwa. Alikaa pembeni ameshika shavu.

"Kwa kina Hajira umeshiba?" Kornelia aliuliza kwa ukali.

"Sijaenda. Jino linauma."

Kornelia alimpeleka mlangoni kwenye mwanga, akamfungua kinywa. Jino la nyuma lilikuwa na tundu jeusi, na la jirani yake lilikuwa na doa la kahawia lililoanza kuchimba. Alifanya kama alivyofanyiwa naye utotoni: alikaanga mbegu za ndulele juu ya kigae, akamfunika mtoto blanketi, akamwambia avute moshi mpaka mdudu wa jino aanguke. Perpetua alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mdudu hakuanguka.

Kesho yake mtoto alirudi na karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na karafuu.

"Mama Hajira amenipa. Amesema niikandamize kwenye jino. Hata Hajira meno yanamuuma, anaweka hii, analala vizuri."

"Mimi sijui kumtibu mwanangu?" Kornelia aliuliza. Aliichukua ile karatasi, akaitupa motoni kama ilivyo. Harufu ya karafuu ikaenea nyumba nzima, tamu na kali, ikamkera hata akaenda kukaa nje kwenye baridi. Ndani, Perpetua alilia peke yake.

*

Siku chache baadaye Kornelia alikuwa akitoka kusaga mahindi, akapita nyuma ya shule wakati wa mapumziko. Watoto walikuwa wamechuchumaa duara ukutani, penye jua, kwa kuwa asubuhi za huko ni za ukungu na baridi. Katikati alikuwepo Hajira, na shavu lake limetuna upande mmoja.

"Toa! Umemung'unya sana!" wenzake walipiga kelele.

Hajira alitema peremende kiganjani. Ilikuwa nyekundu, imebaki nusu, inateleza kwa mate. Akampa Perpetua. Perpetua akaitia kinywani, akafumba macho kwa raha, wenzake wakiimba wimbo wa kupokezana; wimbo ulipokwisha akaitema, akampa wa kulia kwake. Hivyo ikazunguka, kinywa hadi kinywa, na kila aliyeipata alicheka kwa kuonyesha wenzake ulimi mwekundu. Kornelia aliona vicheko vile vizuri. Karibu kila kinywa kilikuwa na jino lenye tundu au lililomeguka nusu, na la Hajira ndilo lililokuwa baya kuliko yote: meno yake ya mbele yalikuwa meusi kama yaliyopakwa masizi.

Alitua mzigo wake wa unga palepale. Akamshika Perpetua mkono, akamvuta mpaka dukani.

Dukani palikuwa na wateja. Selemani alikuwa akipima chumvi, na Mwantumu amekaa nyuma ya meza akifunga sukari katika karatasi.

"Mama Hajira, unamlisha nini mwanangu?"

"Karibu, Mama Perpetua. Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa. Nimekuuliza. Unampa sukari asubuhi, sukari jioni, na mate ya mwanao juu yake. Mtoto ameoza meno. Unataka nini kwake?"

Mwantumu aliweka chini karatasi ya sukari. "Mimi nampa Hajira peremende yake. Yeye ndiye anayewagawia wenzake. Nimfundishe uchoyo?"

"Umfundishe kukaa kwao!"

"Na kama ni meno," Mwantumu aliendelea, bado kwa sauti ileile ya chini, "jino la kwanza kuuma lilikuwa la Perpetua. Alilia hapa, hapo ulipo. Mwanangu alianza kuumwa baadaye. Sikuja kwako kupiga kelele kwamba ameletewa ugonjwa."

Mwanamke mmoja mwenye kikapu aliguna. Kornelia alisikia ile sauti ikimpita mwilini kama kijiti kibichi cha kuchapia.

"Mungu alikupa mmoja, na mimi akanipa mmoja," alisema. "Lea wako."

Akageuka kuondoka. Lakini Perpetua alikuwa ameshika ukingo wa meza ya duka kwa mikono yote miwili, na hakuuachia. Kornelia alivuta, mtoto aling'ang'ania. Watu wote wakatazama jinsi mama alivyolazimika kubandua vidole vya mwanawe kimoja kimoja kutoka kwenye meza ya mwanamke mwingine.

*

Wiki iliyofuata shavu la Perpetua lilivimba. Kwanza kama aliyeficha punje ya mahindi, kisha uvimbe ukapanda mpaka jicho likabaki mstari tu. Homa ilimshika, hata maziwa yakawa hayapiti.

"Apelekwe Mbulu hospitali," alisema Tadei.

"Kwa gari gani? Basi limepita jana."

"Lori la Selemani lipo. Limepakia mahindi."

"Nenda ukamwombe."

Tadei alimtazama. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyapima kama mbao. "Niliyewatukana ni mimi? Aliyeziba njia na aizibue."

Kornelia alijitanda shuka lake, akaenda. Mwantumu alikuwa barazani akipembua maharage. Alimwona tangu mbali, akaendelea kupembua. Safari hii hakusema karibu. Kornelia alisimama mbele ya ungo ule, na maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yote yalimkimbia.

"Mtoto anakufa, Mama Hajira."

Mwantumu aliuweka ungo chini, maharage yakamwagika, naye asiyaangalie. "Baba Hajira!" aliita. "Washa gari. Mahindi yatasubiri." Kisha akasema, kama anayejisemea, "Na mimi nakuja. Hajira naye halali kwa jino."

Walipofika kwenye lori, Mwantumu alimwonyesha Kornelia kiti cha mbele, karibu na Selemani, ili mtoto asipigwe na upepo. Yeye mwenyewe akapanda nyuma juu ya magunia, na Hajira mapajani, wakajifunika turubai. Njia nzima, lori likipanda na kushuka vilima, Kornelia alitamani mwanamke yule angemtukana. Tusi angelijua pa kulipeleka. Wema ule hakujua auweke wapi.

*

Daktari alikuwa kijana, Mwafrika, mwenyeji wa Bukoba, aliyesomea Makerere. Alimtazama Perpetua kinywani, akaomba sindano, akasema jino lazima litoke na usaha utoke nalo. Dresa, msaidizi wake, alimshika mtoto kichwa. Kornelia alimshika mkono.

"Mama!" Perpetua alilia. "Mama!"

"Nipo, mwanangu. Nipo hapa."

"Siyo wewe! Mama Hajira! Namtaka Mama Hajira!"

Chumba kilikuwa kidogo, na sauti ile ilikijaza. Daktari alisimamisha mkono wake. "Mama Hajira ni nani? Kama yupo, aingie. Mtoto asipotulia nitamvunja taya."

Mwantumu aliingia akiwa amevua viatu. Hakumtazama Kornelia. Alikiegemeza kichwa cha Perpetua kifuani mwake, akaanza kumsemesha polepole mambo ya kitoto, habari za paka wa dukani aliyejifungua ndani ya debe, na mtoto akatulia. Pale kichwani hapakuwa tena na nafasi ya mtu mwingine.

"Wewe mama," dresa alimwambia Kornelia, "shika miguu."

Kornelia akashika miguu.

Jino lilitoka, na uchafu mwingi nalo. Kisha akakaa Hajira, akang'olewa moja lililokuwa baya zaidi. Yale ya mbele daktari alisema ni ya utoto, yataanguka yenyewe. Mwantumu akawachukua watoto wote wawili nje kuwasukutua kwa maji ya chumvi. Kornelia alipotaka kuwafuata, daktari alimzuia.

"Hawa wanacheza pamoja?"

"Ndiyo, bwana daktari. Peremende moja wanapokezana kinywani. Hata kalamu ya kibao mmoja anailamba, mwingine anailamba."

Daktari alitikisa kichwa kama aliyekwisha kuyasikia hayo pengine. "Kuna wadudu wanaotoboa meno," alisema. "Siyo funza. Ni wadogo, hawaonekani kwa macho, wanakaa katika mate. Sukari ndicho chakula chao. Mtoto hazaliwi nao. Hata waliotufundisha bado wanabishana juu ya hili, lakini mimi naamini anawapata kutoka kinywa cha mwingine. Fungua chako."

"Changu?"

"Fungua, mama."

Alifungua. Daktari alisogeza taa, akatazama kwa muda. Kornelia alijua anachokiona: magego yaliyobaki vishina, aliyokwisha kuyazoea hata hakuyahesabu tena kuwa maradhi.

"Mtoto alipokuwa mdogo ulimtafunia chakula?"

"Nyama. Na asali kidogo. Ndivyo mama yangu alivyonilea."

"Basi pengine hapo ndipo alipowapata wadudu. Akaenda nao shule, akawagawia wenzake. Nao waliokuwa na wadudu wao wakamgawia." Alisema bila ukali, huku akinawa mikono. "Sikulaumu. Wengi hulea hivyo. Usimkataze kucheza na wenzake. Kila mmoja awe na kalamu yake na kikombe chake. Kitu kilichoingia kinywa kimoja kisiingie kingine. Sukari ipungue. Mswaki wa mti kila siku, na wewe pia."

Kornelia aliitikia kila neno. Alitoka nje. Penye bomba alimkuta Mwantumu amechuchumaa, Perpetua amelala begani kwake, kanga yake imeroa mate na damu ya mtoto.

"Amesema nini?" Mwantumu aliuliza.

Kornelia alimtazama mwanawe pale begani. Alikuwa amelala kwa amani, mkono umezunguka shingo isiyo ya mama yake.

"Amesema ni ugonjwa wa kuambukiza," alijibu. "Amesema wasikae pamoja tena. Huyu wako ndiye mwenye wadudu wengi."

Mwantumu alimtoa Perpetua begani taratibu asiamke, akamkabidhi.

*

Uongo ukishatoka hauombi ruhusa ya kutembea. Kornelia aliurudia kwa Tadei, kisha akaupeleka shuleni kwa Mwalimu Joakimu. Mwalimu alikuwa mwoga wa maradhi na mpenda amri. Kesho yake Hajira alihamishwa benchi, akakalishwa peke yake mlangoni juu ya tofali. Perpetua uvimbe wake ulikuwa umeshuka na kasoro zake zilikuwa nyuma, hazionekani. Meno meusi ya Hajira yalikuwa mbele, kila mtu aliyaona. Watoto hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Hajira Mate!" waliimba akipita, wakatawanyika huku wakijifuta midomo. Walewale waliomung'unya peremende yake.

Sokoni nako maneno yakafika. Wanawake waliendelea kununua sukari na chumvi kwa Selemani, kwani duka jingine lilikuwa mbali, ila Mwantumu alipomkaribisha mmoja wao maji ya kunywa, yule alisema hana kiu, akaenda kuomba nyumba ya pili. Baada ya muda Hajira hakuonekana tena shuleni.

Kornelia alipata alichokitaka. Perpetua sasa akitoka shule alikuja nyumbani moja kwa moja, akaweka kibao chake, akakaa. Alikula alichopewa. Alipoitwa kusukwa alikuja, akakaa kati ya magoti ya mama yake kama gogo. Kornelia alimwambia hadithi ya paka. Mtoto hakuuliza paka alifanyaje mwishoni. Alikuwa wake wote, kuanzia utosi hadi kidole cha mguu, na bado Kornelia alijikuta akiangalia mlangoni kama anayengoja mtu arudi.

"Mama," Perpetua alisema jioni moja, "ni kweli daktari alisema wadudu wanapita kwenye mate?"

"Alisema."

"Mimi nilianza kuumwa kabla ya Hajira. Na kalamu ni mimi niliyempa, nimeshailamba. Mbona aliyewekwa mlangoni ni yeye?"

"Kula ugali wako."

"Ninakula," alisema mtoto. Alikuwa anakula kweli.

Kisha ikaja siku ya kisimani. Kornelia alikuwa akiteka maji, akasikia hatua nyuma yake. Alikuwa Hajira, na ndoo ndogo, amepungua mashavu. Mtoto alipomwona alisita, akarudi nyuma hatua chache, akatua ndoo. Heshima ya kumwamkia mkubwa ilimtaka aseme, na woga ulimtaka anyamaze. Alifunika kinywa chake chote kwa kiganja.

"Shikamoo, mama," alisema kwa ndani ya kiganja.

"Marahaba. Mbona unajiziba?"

"Nisikuambukize, ukamwambukiza Perpetua."

Alisimama hivyohivyo, mkono mdomoni, akingoja Kornelia amalize aondoke ndipo asogee majini. Kornelia aliacha kuteka. Mtungi wake ulikuwa haujajaa hata nusu. Aliubeba hivyo, akapanda kilima, na alipofika nyumbani hakuingia. Aliutua uani akaendelea na safari kuelekea dukani.

*

Palikuwa na wateja, kama siku ile. Alisimama mlangoni, akafikiri kungoja wamalize, kisha akajua kwamba akingoja hatasema kamwe.

"Mama Hajira," alisema, na kila mtu akageuka. "Daktari wa Mbulu hakusema watoto watengwe. Hakumtaja Hajira. Alisema wacheze, ila wasipokezane vitu vya kinywani. Hayo mengine nilitunga mimi." Alijigusa shavu. "Alinitazama na mimi kinywa. Meno yangu ni mabovu kuliko ya watoto wote wale. Nilimtafunia Perpetua alipokuwa mdogo. Amesema pengine ugonjwa ulianzia kwangu."

Hakuna aliyeguna safari hii. Selemani aliinama kwenye mizani yake kana kwamba ameona mdudu ndani. Wateja walitoka mmoja mmoja, wengine wameacha walichokuja kununua, kwa haraka ya watu wenye habari mpya.

Mwantumu alikuwa ameketi palepale nyuma ya meza. "Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Siku ile, kabla hatujaondoka, nilirudi ndani kumlipa dresa, daktari akaniambia mwenyewe. Na mimi alinikagua." Alifungua mdomo kidogo, akaonyesha pengo na jino jeusi pembeni yake. "Tumelea namna moja, Mama Perpetua. Nani aliyempa nani, Mungu ndiye ajuaye."

"Sasa kwa nini ulinyamaza? Ulinisikia nikisema uongo, ukanyamaza! Mtoto wako amekaa juu ya tofali, umenyamaza!"

Mwantumu alikunjakunja pembe ya kanga yake. Alipojibu sauti yake ilikuwa chini zaidi ya kawaida.

"Mwanao alipolia pale kwenye kiti akaniita mimi, nilifurahi. Mtoto anatoka damu, wewe umesimama hapo, mimi moyo wangu unacheka. Nimezaa mmoja, na huyo mmoja ni mtoto wa baba. Akiumia anamwita Selemani. Hakuna mtoto aliyewahi kuniita mimi hivyo. Nikasema, hiki ni cha mtu, nimekionea tamaa, acha mwenyewe aniadhibu." Alifuta macho kwa kanga. "Nikasahau kwamba fimbo inampata Hajira."

Kornelia alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Hakumkumbatia, wala Mwantumu hakunyoosha mkono. Hawakuwa wamefikia huko, na huenda wasingefika.

"Kesho nitampeleka Hajira shule mwenyewe," Kornelia alisema hatimaye. "Nitamwambia Mwalimu mbele ya watoto."

"Atakataa kwenda."

"Nitamngoja hapa mlangoni mpaka akubali."

Alingoja kweli. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, na ilibidi asimame sana kabla Hajira hajatoka, amevaa gauni lake la shule, kiganja kiko mdomoni. Perpetua alikuwa amesimama pembeni ya mama yake. Hawakusalimiana. Walifuatana watatu mpaka shuleni, Hajira nyuma kabisa.

Mwalimu Joakimu aliyasikiliza maelezo kwa uso wa mtu anayetafuta pa kuangalia. Alisema yeye alitii tu alichoambiwa na mzazi. "Ulichoambiwa kilikuwa uongo," Kornelia alimjibu kwa sauti ya kufika benchi la mwisho, "na mwongo ni mimi." Watoto wakatazamana. Mmoja alicheka, na Kornelia akamwacha acheke. Mwalimu akaliondoa tofali mlangoni kwa mguu, akamwonyesha Hajira benchi lake la zamani.

Hajira hakusogea. Alibaki kizingitini, mkono mdomoni, na haikuonekana kama kuna neno la mtu mzima lingeweza kuushusha mkono ule. Perpetua alimtazama. Kisha akamwendea, akamshika ule mkono mwingine uliokuwa huru, akamvuta mpaka kwenye benchi. Walipokaa alivunja kalamu yake ya kibao vipande viwili kwenye ukingo wa meza, akampa kimoja.

Kornelia alikuwa bado amesimama mlangoni. Wivu ulimpanda kifuani kama siku zote. Haukuwa umekwenda popote. Alingoja aone kama mwanawe atageuka kumtazama. Hajira alisema kitu ndani ya kiganja chake, Perpetua akainamisha kichwa karibu ili asikie, na hakugeuka.

Kornelia aliutwaa wivu wake, akarudi nao nyumbani.